Simba wa Kununua

Kuna hoja inayozidi kupata wafuasi kati ya Bukavu na Uvira, na kwa kuwa Sange iko kwenye barabara hiyohiyo, sisi nasi imetufikia. Inasema hivi: familia inayojiheshimu sharti iwe na nembo yake. Ngao katikati, wanyama wawili wameishika kulia na kushoto, taji juu, utepe chini wenye maneno ya Kilatini au Kifaransa. Inachapwa kwenye kadi za harusi na kwenye vikwembe vya kilio, inachongwa kwenye misalaba ya saruji, inachomelewa kwenye mageti. Ndugu aliye Brussels au Montréal anatuma mchoro kwa simu, mchango unaanza kuitishwa, na anayeuliza faida yake anaambiwa kwamba hajali asili yake.

Mimi nauliza faida yake, na asili yangu naijali. Lakini kabla ya kuijibu hoja hii niiseme kama wenyewe wanavyoisema, bila kuidhoofisha.

Wanasema, kwanza, kwamba vita vimetunyang'anya kumbukumbu. Tangu 1996 watu wa bonde la Ruzizi wamekimbia tena na tena, wengine wakivuka mto kuingia Burundi, wengine wakivuka ziwa hadi Kigoma. Vyeti vya ubatizo, picha, daftari za mahari, vimeungua au vimeoza. Mtoto aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, hajui shamba la babu yake liko upande gani wa barabara. Nembo ni ndogo, inabebeka, na hata asiyejua kusoma anaitambua. Pili, wanasema si jambo la kigeni: bami wetu, yaani machifu, walikuwa na ngozi ya chui, mikuki na pembe za ndovu, na Jamhuri yenyewe ina kichwa cha chui kwenye nembo yake. Tatu, kila alama inafundisha: simba ni ushujaa, mkuki ni ulinzi, jembe ni kazi. Nne, koo kubwa za Ulaya zinazo, na hakuna sababu ya sisi kujiweka chini yao.

Nitazijibu zote. Ile ya kwanza nitaiacha mwisho, maana ndiyo yenye uzito.

Simba huyu ametoka wapi

Tuanze na dai kwamba nembo hizi ni zetu. Chukua moja uitazame kwa karibu, zile zinazotoka kwenye vibanda vya kuchapa vya Kadutu, Bukavu. Ngao yake ni bapa juu na imechongoka chini; hiyo ni ngao ya mpanda farasi wa Ulaya ya kale, na hakuna mzee wa bondeni aliyewahi kushika ya umbo hilo. Juu yake kuna kofia ya chuma iliyofunika uso mzima. Simba amesimama kwa miguu ya nyuma, makucha yamekunjuliwa, ulimi umechomoza, mkia umejipinda juu ya mgongo. Simba wa porini hasimami hivyo. Ndivyo wachoraji wa Ulaya walivyomchora tangu karne ya 12. Katika jumba la makumbusho la Le Mans, Ufaransa, limehifadhiwa bamba lililowekwa kwenye kaburi la Geoffroy wa Anjou, aliyefariki 1151. Ameshika ngao ya buluu yenye simba wa dhahabu waliosimama namna hiyohiyo.

Kongo simba huyo aliletwa na mwenye kumfuga. Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alipojitwalia nchi hii mwaka 1885, dola yake ilipewa nembo: ngao ya buluu, nyota ya dhahabu, ukanda wa fedha kuwakilisha mto, na katikati simba wa Ubelgiji. Chini yake yaliandikwa maneno mawili, Kazi na Maendeleo. Kazi yenyewe ilikuwa ya kugema mpira kwa lazima, na mikono iliyokatwa ya watu wa Ikweta imebaki kwenye picha mpaka leo. Nembo hiyo iliendelea kutumika chini ya utawala wa Ubelgiji hadi 1960. Sasa mjukuu wa watu waliobebeshwa mizigo chini ya simba huyo analipa dola za Kimarekani ili amweke kwenye kadi ya harusi ya binti yake, na anaamini anarudi kwenye asili.

Wala mambo hayakuishia kwenye nembo. Amri ya tarehe 6 Oktoba 1891 iliweka utaratibu wa dola kuwatambua machifu, na chifu aliyetambuliwa alipewa medali ya kuvaa shingoni. Aliyekubali kukusanya wabebaji na kodi aliipata. Aliyekataa, hata kama wazee wa ukoo wake ndio waliomtawaza, hakuwa chifu mbele ya serikali. Kwa njia hiyo tulifundishwa kwamba heshima ya ukoo ni kitu cha chuma kinachotolewa na mtu wa mbali kwa anayemfaa. Fundisho hilo halijatutoka.

Na kuna mfano wa zamani zaidi, wa upande wa pili wa nchi yetu. Mwaka 1512 Manuel, mfalme wa Ureno, alimpelekea Afonso wa Kwanza wa ufalme wa Kongo nembo iliyobuniwa Lisbon. Ilikuwa na mikono mitano yenye deraya, kila mmoja umeshika upanga, na ngao ndogo ya Ureno. Chini kabisa ziliwekwa sanamu mbili zilizovunjika. Sanamu hizo ni miungu ya Wakongo. Mfalme wa Kiafrika alipokea kwa heshima picha ya vitu vitakatifu vya watu wake vikiwa vimevunjwa, akawagawia na wakuu wake nembo kama hizo. Mwaka 1526 Afonso huyohuyo alikuwa akimwandikia mfalme wa Ureno kulalamika kwamba wafanyabiashara wanawateka watu wake na kuwauza, hata jamaa zake mwenyewe. Mwaka 1665, huko Mbwila, jeshi la Wareno wa Luanda lilimuua António wa Kwanza wa Kongo na kumkata kichwa. Karne moja na nusu ya kubeba nembo ya Lisbon haikuwapa Wakongo usawa hata kidogo machoni pa Lisbon. Wanaosema nembo itatuinua tulingane na koo za Ulaya waanze kwa kueleza kwa nini haikumwinua mfalme mwenye ufalme mzima nyuma yake.

Lakini chui, watasema, chui ni wetu. Ni kweli. Ndiyo maana hamna haki naye. Katika milki za bami wa Kivu na majirani zake, ngozi ya chui ilikuwa mali ya kiti. Mwindaji aliyemuua chui hakubaki na ngozi; aliipeleka kwa mwami, na kuificha lilikuwa kosa la uasi. Baba wa nyumba ya kawaida aliyejivika chui hangeonekana mwenye kulinda mila, angeonekana anajitangazia utawala. Mtu wa zama hizi aliyemtoa chui kwenye kiti cha mwami na kumfanya pambo la mtu binafsi alikuwa Mobutu. Alimvaa kichwani kwa miaka mingi, nembo ya taifa nayo ilikuwa na chui, na alipoanguka mwaka 1997 chui akaondolewa naye. Mwaka 2003 ikaja nembo yenye kichwa cha simba, kisha Februari 2006 chui akarudishwa pamoja na katiba mpya. Anayechora chui kwenye geti lake leo asitutajie mababu. Amejifunza kwa Mobutu.

Ni jina la nani limeandikwa pale

Hoja ya nne, ya koo kubwa za Ulaya, inaanguka kwa sheria za Ulaya zenyewe. Maduka ya kwenye intaneti yanauza nembo kwa jina: andika jina la ukoo, lipa, upokee. Lakini mamlaka ya nembo ya Uingereza, iliyoanzishwa London mwaka 1484, inaeleza wazi kwamba hakuna kitu kinachoitwa nembo ya jina la ukoo. Nembo hupewa mtu mmoja, na humfuata yeye na wazao wake halali tu. Watu wawili wanaoitwa Smith hawana haki ya kushiriki ngao kwa sababu ya kuitwa Smith. Kinachouzwa, basi, hata huko kilikotoka hakitambuliki.

Huku kwetu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu jina la familia kwa maana ya Kizungu wengi wetu hatuna. Sisi tuna jina, jina la nyuma na jina la kwanza. Jina la nyuma liliwekewa sheria wakati wa siasa ya uhalisi ya 1972 na 1973, majina ya Kikristo yalipofutwa, na sheria ya familia ya 1987 ikaendelea kutaka majina yachukuliwe kutoka kwenye urithi wetu. Mtoto halazimiki kubeba jina la baba yake. Anaweza kupewa jina la bibi mzaa mama, la shangazi aliyekufa, la msimu wa njaa, la shukrani baada ya mimba zilizoharibika. Watoto watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano, na kila jina lina mtu au tukio nyuma yake. Ukikaa na mama mzee wa Sange akakutajia watoto wake kwa mpangilio, umesikia historia ya nyumba ile kuanzia ndoa hadi ukimbizi.

Sasa utepe wa nembo una nafasi ya jina moja. Litaandikwa lipi? Nimeona likiandikwa kila mara la aliyelipa. Ndugu mkubwa aliyefanikiwa Kinshasa au ughaibuni anaweka jina lake, nalo kuanzia siku hiyo linaitwa jina la familia. Wadogo zake wanaombwa mchango wa kikwembe chenye jina ambalo si lao wala si la baba yao. Majina mengine, yale yaliyobeba bibi na njaa na shukrani, yanaanza kuonekana kama ya pembeni. Watoto wa kizazi kinachofuata wanabatizwa kwa jina la kwenye utepe ili walingane na kikwembe. Wanaodai kuokoa historia wanaifuta kwa mikono yao, tena kwa furaha, kwenye karamu.

Alama iliyokuwa na kazi

Sasa hoja ya tatu, kwamba nembo inafundisha. Eneo letu lina alama za koo kweli, tena nyingi, na ni vyema tuzitazame zilivyokuwa zinafanya kazi kabla ya kuzilinganisha na ngao ya kadi.

Buganda kuna ukoo wa Nsenene, yaani senene, na ukoo wa Mmamba, yaani kambare mamba. Rwanda, Abanyiginya wana korongo mwenye taji, Abazigaba wana chui, Abega wana chura. Abega ndio ukoo uliotoa mama wafalme kwa vizazi, akiwemo Kanjogera aliyeitikisa Rwanda mwishoni mwa karne ya 19. Wenye nguvu kiasi hicho hawakuona haya kujulikana kwa chura, wala hawakutafuta simba. Sababu ni kwamba alama hizo hazikuwekwa ili zitazamwe. Za Buganda zilikuwa mziro: zilisema usile nini na usimwoe nani. Wa Nsenene hali senene hata msimu wake wakati majirani wote wanakaanga, na hamwoi wa Nsenene mwenzake hata kama hakuna anayekumbuka undugu wao. Mtu wa mziro uleule akifika ugenini anapokelewa kama ndugu, analishwa, akifa anazikwa. Alama iliingia kwenye chungu, kitandani na kaburini. Ilimdai mtu kitu kila siku.

Simba wa kwenye kadi anadai nini? Hajamkataza mtu chakula, hajamzuia kuoa, hajamlazimisha kumpokea mgeni. Mwenye nembo ya simba na utepe wenye neno la umoja anaweza kukaa miaka 10 bila kuzungumza na ndugu yake wa tumbo moja juu ya kiwanja, na nembo ikabaki ilivyo.

Kuna mfano wa karibu zaidi, na ndio unaonifanya nikose subira na maneno mepesi kuhusu kufundisha. Kwa Balega, katika Mwenga na Shabunda humu humu Kivu Kusini, kulikuwa na chama cha Bwami. Mtu alipanda ngazi zake kwa miaka mingi, hadi ile ya juu kabisa iitwayo Kindi. Hakupanda kwa damu peke yake wala kwa mali peke yake. Alichunguzwa: anaishije na wake zake, anagawanaje nyama, hasira yake ikoje, jamaa zake wako tayari kumdhamini au la. Na mwanamume hakufika juu akiwa mwenyewe; mkewe alipitishwa pamoja naye, akawa na cheo chake.

Alama za Bwami zilikuwa vitu vya kushikwa mkononi. Kinyago kiitwacho lukwakongo ni kipande kidogo cha mti kinachoenea kiganjani, uso uliochimbwa kidogo, umepakwa udongo mweupe, ndevu ndefu za nyuzi zikining'inia chini. Ukikitazama kwenye kabati la kioo huwezi kujua kinasema nini, na Mlega asiyepitishwa naye hakujua. Kwenye sherehe kilifungwa pajini au mkononi, kikaning'inizwa kwenye uzio pamoja na vya wengine, kikaburutwa kwa ndevu zake, na kila tendo lilikwenda na methali yake. Kinyago kilekile kiliweza leo kumsema mzee anayeheshimiwa na kesho kumsema mzee aliyejiharibia. Mwenyewe alipokufa, kilikwenda kwa atakayechukua nafasi yake baada ya kupita mitihani yote. Kilimkumbusha aliyekishika kwamba amekiazima kwa marehemu.

Hivyo ndivyo alama inavyofundisha: kwa mwalimu, kwa muda, kwa ushuhuda wa watu wanaoweza kusema hufai. Wabelgiji walilielewa hilo vizuri. Waliipiga Bwami marufuku mwaka 1933, wakairudia marufuku hiyo mwaka 1948, na vinyago na sanamu za pembe zikaenda Ulaya kwenye makabati ya makumbusho na ya matajiri. Leo tunaletewa badala yake orodha ya maana inayoambatana na faili la mchoro: simba ushujaa, rangi nyekundu damu, dhahabu utajiri wa roho. Kila familia ni shujaa, kila familia ina roho tajiri. Hakuna nembo hata moja iliyowahi kumwambia mwenye nyumba kwamba amekosea. Mafundisho yasiyoweza kumkemea anayefundishwa sijui yanamfundisha nini.

Wanaoachwa nje ya ngao

Niseme sasa gharama ambayo haimo kwenye risiti.

Nembo za Ulaya zina kanuni kuhusu mwanamke na kuhusu mtoto. Kwa desturi ya Uingereza, mwanamke hakuwekewa ngao kwa kuwa ngao ni ya vita. Alama ya baba yake ilichorwa kwenye umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha. Mwenye kaka hakuwarithisha watoto wake alama ya kwao. Ilipita kwa wanaume. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, akiruhusiwa kutumia ngao ya baba, aliwekewa alama ya kumtofautisha ili kila mtazamaji ajue. Kanuni hizo hazikuwa bahati mbaya. Ngao ilibuniwa ili kuonyesha nani ni wa damu na nani si wa damu, nani mrithi na nani si mrithi.

Chombo hicho ndicho tunachotaka kukileta Kivu Kusini. Katika jimbo hili nyumba nyingi zinashikwa na wanawake ambao waume zao waliuawa, walitoweka au walikwenda machimboni wakaoa huko. Katika jimbo hili Daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999 akitarajia kuwahudumia wanawake wa uzazi, na mgonjwa wake wa kwanza akawa mwanamke aliyebakwa. Kuna watoto, sasa vijana wakubwa, ambao mama zao waliwabeba kutoka msituni na hawana baba wa kumtaja. Wengine wamelelewa na babu mzaa mama, na kwa miaka yote kijiji kilijizoeza kutouliza. Halafu siku ya harusi ya mjomba yanagawiwa mashati yenye ngao. Nani anapewa la nani? Nembo inalazimisha swali ambalo huruma ya watu ilikuwa imelizika, tena inalazimisha lijibiwe hadharani, kwa rangi.

Sipendi kusikia kwamba hilo ni jambo dogo la mashati. Mtoto aliyekosa shati siku hiyo hatalisahau.

Bonde lina masikio

Gharama nyingine ni ya ardhi, na hapa wenyeji wa Sange hawahitaji maelezo marefu.

Bonde la Ruzizi limegombaniwa kwa muda mrefu kwa swali la nani alitangulia na nani alikaribishwa, nani atawale na nani alipe kodi ya malisho. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, huko Mutarule, si mbali na sisi, watu zaidi ya 30 waliuawa, wengine ndani ya uwanja wa kanisa, wanawake na watoto wakiwemo. Tuliozika tunajua kwamba mauaji ya namna hiyo hayaanzi na bunduki. Yanaanza na maneno kuhusu asili.

Katika mahali kama hapa, nembo yenye mlima fulani, mto fulani, aina fulani ya ng'ombe au mkuki wa umbo fulani ni dai. Anayeipaka kwenye ukuta unaotazama barabara amesema hapa ni kwetu tangu zamani, na jirani ameelewa. Jirani naye atachora ya kwake, kubwa zaidi, na mlima uleule. Huko Brussels nembo ya familia ni pambo la sebuleni na haimdhuru mtu. Anayeituma kwenye simu kutoka huko hatakuwepo siku vijana wa pande mbili watakapopita mbele ya kuta hizo usiku. Nawaomba ndugu zetu wa nje walifikirie hilo kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Kumbukumbu

Sasa hoja ya kwanza: vita vilituibia kumbukumbu, na nembo inaziokoa.

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapa Sange. Wengine walikimbilia kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika, wengine walikuwa wamejazana kwenye vibanda wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Mafuta yaliwaka. Walikufa watu zaidi ya 230, wengi wao wakiwa wameungua hata mama asimtambue mwanawe, na wakazikwa kwenye makaburi ya pamoja. Mle wamelala Wafuliiru, Wavira, Wabembe, Warundi, Washi, wenyeji na wapita njia, dereva wa pikipiki na mtoto aliyetumwa chumvi.

Ukitaka kujua kumbukumbu ya familia ya Sange ni nini, anza hapo. Ni kujua nani wa kwenu yumo mle. Aliitwa nani, alikuwa mtoto wa ngapi, aliacha deni kwa nani na nani alilisamehe, mahari ya dada yake ilikuwa imefika wapi, nani aliwachukua watoto wake na wako wapi sasa. Hayo yako vichwani mwa watu, hasa vichwani mwa kina mama, na watu hao wanazeeka na kufa. Kila mwaka tunaouchezea kwa kuchagua kama simba atazame kulia au kushoto, kuna bibi anaondoka na majina 60 ambayo hakuna aliyemketisha akayaandika.

Hoja ya wenzetu inakosea hapo kwa hatari kubwa, maana inaumia pale inapopaswa kuumia na kisha inachagua dawa inayotuliza uchungu bila kuponya. Familia iliyopata nembo inajiona imekwisha kufanya kazi ya kukumbuka. Mchoro upo ukutani, wageni wanausifu, na hakuna tena anayeona haraka ya kwenda kwa mzee wa Luberizi kumuuliza babu yetu alizikwa wapi. Ngao yenyewe haina pa kuandika kwamba mama mkubwa alifia Nyarugusu, wala kwamba mjomba aliuza shamba ili amkomboe mpwa wake mikononi mwa wenye bunduki. Ina nafasi ya simba tu.

Tena iko karatasi inayobeba yale ambayo nembo haiwezi. Sheria yetu inataka kila mtoto aandikishwe kwenye ofisi ya hali ya raia ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na ndani ya muda huo haitozi ada. Hapo huandikwa jina la mtoto, la baba na la mama pia, na mahali. Cheti hicho ndicho kitakachoulizwa siku ya mtihani, siku ya pasipoti, siku ya kugawana kiwanja, na siku mtu atakapomwambia huyo mtoto kwamba si wa hapa. Zikipita siku 90 inabidi kwenda mahakamani kutafuta hukumu, na hapo ndipo gharama na safari za Uvira zinapoanza. Watoto wa bonde hili wasio na cheti hicho ni wengi mno, na ninazijua nyumba ambako nembo imetundikwa sebuleni, imewekewa fremu na kioo, na hakuna hata mtoto mmoja wa nyumba hiyo aliyeandikishwa. Waliolipia fremu ile ni baba zao na wajomba zao. Naomba wiki hii waende ofisini.